Mtakatifu wa Miguu Minane

Kwenye matanga ya Fundi Barasa, pale Bondeni, Nakuru, walinipa chai na slesi mbili za mkate, halafu wakaniomba niwachekeshe. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa katikati ya nyumba mbili za zamani za kaunsili, na turubai lilikuwa dogo kiasi kwamba walio pembeni walikuwa wanaomboleza juani. Mwenyekiti wa kamati alisema yule kijana wa Form Four aliyekuwa akishinda kibandani kwa marehemu asimame atoe neno, maana ana mdomo. Kabla yangu alikuwa amesimama mama mmoja aliyetoka Rongai na asubuhi. Ni mama yake Cherono, na Cherono ni msichana wa darasa langu. Alishika kile kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili, akasema, "Huyu mzee alitutoa jina la wizi. Na mimi nasema mbele ya Mungu, hakuwahi kuchukua kitu cha mtu." Watu wakaitikia amina. Mimi slesi ya pili niliirudisha kwenye sahani. Nikasimama, nikawapa ile hadithi ya redio iliyokuwa inakoroma, tukaifungua na fundi tukakuta mjusi amelalia spika, na fundi akamwambia mwenye redio kwamba mpangaji hajalipa. Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani akajipangusa. Cherono, kiti cha tatu kutoka mbele, hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na mimi najua viatu vyake havina kitu cha kuangaliwa.

Watu huandika kumbukumbu zao wakiwa na mvi na magoti mabovu. Mimi nina miaka kumi na saba na magoti yangu yako sawa, ila mwaka jana nilizeeka mahali fulani ndani, na hadithi niliyowapa Bondeni haikuwa ile niliyodaiwa. Hiyo nyingine ndiyo hii.

Mwaka jana tulikuwa Form Three, na jina langu shuleni lilikuwa Shoti, kama nyaya za stima zikigusana. Nililipata kihalali. Mimi ndiye niliyeunganisha kengele ya shule na swichi ya taa ya maktaba, hivi kwamba kila mtu akiwasha taa asome, shule nzima inatoka kwenda kula. Mimi ndiye niliyeweka kijidude cha kulia ndani ya boksi la chaki la Mwalimu Njoroge, wa fizikia, akafundisha kipindi kizima akitafuta panya. Alipojua alinichapa kwa maneno dakika ishirini, kisha akaniuliza nilitumia transista gani. Kwa hivyo maonyesho ya sayansi ya kaunti yalipokaribia, na Cherono akamwambia mwalimu kwamba ana wazo lakini hajui stima, mwalimu alininyooshea kidole. Cherono alimwangalia mwalimu kama mtu aliyepewa chatu amlelee kuku.

Wazo lake halikuwa la cheti. Mama yake alikuwa akipeleka maziwa kwa mnunuzi mmoja pale Rongai, banda la mabati lenye mizani na karani. Karani alikuwa na mita ya kupima pH. Maziwa mazuri husoma sita na nukta saba hivi. Yakianza kuchacha hushuka. Sasa kuna wajanja wakiona yamechacha huyatia magadi, yale ya kulainisha githeri, ili asidi ipungue, na hapo mita hupanda juu kuliko inavyofaa. Mita ya karani ilikuwa inapanda kwa maziwa ya mama Cherono. Si kila siku, ila mara kwa mara: saba na nukta tatu, saba na nukta sita. Karani akasema mama anatia magadi. Wakamrudishia mtungi ukiwa umejaa, na jina lake wakaliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, chini ya maneno WANAOCHEZA NA MAZIWA, mahali ambapo kila jirani anapita. Cherono alinieleza haya tukiwa maabara, bila kulia, akipanga chupa zilizokuwa zimepangwa tayari. Alitaka tutengeneze mita yetu, ishinde mbele ya watu wanaojua, na ile siku ya pili aibebe mpaka Rongai aiweke mezani kwa karani. Mimi nilikuwa na utani tayari mdomoni kuhusu ng'ombe anayekula chaki. Niliumeza. Nafikiri ulikuwa wa kwanza kuumeza maishani.

Mwalimu Njoroge alitutafutia kabatini probu ya kioo, kijiti chenye kibofu chembamba mwishoni, kilichobaki kwa mita iliyokufa zamani. Kioo hicho ukikitia kwenye maziwa kinatoa volti, lakini volti ndogo sana, na haina nguvu hata ya kumsukuma sisimizi. Ukiunganisha mita ya kawaida moja kwa moja, mita inainyonya na unasoma upuzi. Lazima katikati kuwe na bafa. Bafa ni chipu inayoitwa op-amp, mende mweusi wa miguu minane. Unaurudisha mguu wake wa kutoa kwenye mguu mmoja wa kuingiza, na hapo anageuka mtu mwaminifu: volti anayoisikia upande huu anaisema vilevile upande wa pili, haongezi, hapunguzi, ila sasa anaisema kwa nguvu. Tulichukua ile ya 741 iliyojaa kwenye droo ya shule, tukaunganisha, tukatia probu kwenye siki. Sindano ikaruka mwisho ikalala huko. Tukatia kwenye maji. Huko huko. Tukatia kwenye chai ya Mwalimu Njoroge bila ruhusa. Huko huko. Nikamwambia Cherono angalau tumevumbua mita isiyobagua.

Ndiyo nikaenda Bondeni kwa Fundi Barasa. Babu yake aliletwa Nakuru na reli, na yeye alizaliwa humo humo kwenye nyumba za kaunsili. Kibanda chake kilikuwa upana wa mlango na nusu. Ndani kulinuka risasi ya kuchomelea, vumbi la redio, na maharagwe ya madondo, kwa sababu mama wa chapati alikuwa jirani wa ukuta na alimpitishia sahani kupitia tundu ambalo zamani lilikuwa dirisha. Kila Jumamosi saa saba sahani ilipita, na kila Jumamosi fundi aliichana chapati yake katikati, akanipa nusu iliyo kubwa huku akiendelea kuangalia kazi. Nilikuwa naijua hiyo nusu kubwa. Niliipima kwa macho kila wiki na hakukosea hata mara moja.

Alinisikiliza, akacheka kwa pua. Alisema kioo chako ni kama mgonjwa anayenong'ona kitandani, na wewe umemletea mgeni anayemvuta shati amwambie ongea vizuri. Kila op-amp, akasema, ina tabia ya kunywa umeme kidogo kupitia mguu wa kuingiza. Kwenye karatasi zake inaitwa bias current. Nikaitafuta karatasi ya 741 kwenye simu: nano ampea themanini. Nikaona ni kitu cha kipuuzi. Akaniambia zidisha na ukinzani wa kioo, ambao ni kama ohmu milioni mia. Nikazidisha kwenye mkono kwa biro. Volti nane. Hatua moja nzima ya pH ni millivolti sitini tu, na mende wetu alikuwa anaongeza uwongo wa volti nane kabla hata probu haijafungua mdomo. Tukaendelea kusoma. Kuna jamii ya JFET, hao hunywa pico thelathini hivi, na pico elfu moja ndizo hufanya nano moja, kwa hivyo ni maelfu ya mara chini ya zile nano themanini. Kuna jamii ya MOSFET, hao wanaweza kushuka chini ya pico kumi. "Usiangalie nani ana kasi, nani ana nguvu," fundi alisema. "Kwa hii kazi uliza swali moja: huyu akiingia kwa watu, anakula nini?"

Shida ilikuwa kuwapata. Nakuru mjini niliuliza kaunta nne na wote wakanipa 741 kwa upendo. Lakini fundi alikuwa na mkebe wa kakao uliojaa op-amp alizozing'oa kwenye mashine kuukuu kwa miaka, na hapa ndipo lazima nieleze ugonjwa wa mafundi wa huku kwetu. Fundi akitengeneza kitu, anachukua kiwembe au anasugua kwenye sakafu ya simiti, anafuta nambari iliyo mgongoni mwa chipu, ili fundi jirani akikifungua asijue alitumia nini. Fundi Barasa alikuwa na ugonjwa huo kupita kiasi. Alikuwa amezifuta hata zile zilizo kwenye mkebe wake mwenyewe. Chipu arobaini na kitu, zote migongo mitupu, na yeye hajui nani ni nani zaidi yangu. Nilipomuuliza alijificha kutoka kwa nani, alisema kutoka kwa wote, kisha akakiri kwamba alisahau kujitoa.

Kwa hivyo akanifundisha kipimo. Unachaji kapasita ya plastiki volti tano, unaiweka kwenye mguu wa kuingiza wa bafa, unaondoa mkono, unaangalia mita upande wa pili. Kapasita ni kikombe. Kama chipu ni mlevi, kikombe kinaisha ukiangalia. Jumamosi tatu nilikaa kwenye kigoda kile nikipima walevi. Wawili walitoa moshi, kumbe hawakuwa op-amp hata kidogo. Wengi waliisha kabla sijasema tatu. Wengine walikaa vizuri dakika moja, mbili, nikafurahi, halafu fundi akawasogezea chuma cha kuchomelea karibu, bila kuwagusa, wakaanza kunywa kama mbuzi wa Baringo wakati wa kiangazi. Akanieleza kwamba jamii hizo zina ujanja huo: kwa kila nyuzi kumi za joto kiu huzidi mara mbili, kwa hivyo usimwamini mtu uliyemjaribu wakati wa baridi peke yake. Jumamosi ya tatu, mchana, niliweka mwingine, nikaandika volti tano kamili, na sahani ikapita kwenye tundu. Tukala. Fundi akaenda kunawa, akasimama kuongea na mteja, akarudi. Robo saa. Mita ilikuwa inasema nne na nukta tisa. Akasogeza chuma cha moto. Mita haikutikisika. Fundi alivua kofia yake ya sufu, akamwinamia yule mende kama mtu aliye kanisani. Nikamwambia tumbatize Mtakatifu, kwa sababu amekaa na chakula mbele yake mpaka mwisho na hajaonja. Nilitaka kumwekea alama kwa msumari. Fundi akasema hapana, chipu haiwekwi alama, alama ni mdomo, humwambia fundi mwingine siri yako. Nikakubali. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi.

Mtakatifu tulimjengea nyumba. Alikaa kwenye soketi, ila mguu wake wa kuingiza tuliupinda ukabaki hewani, waya wa probu ukachomelewa hapo hapo juu, kwa sababu bodi yenyewe ikiwa na jasho la vidole inavujisha kuliko chipu. Tuliiosha kwa spiriti na mswaki mpya. Cherono alinikataza kuigusa, akaishika yeye kwa karatasi. Tulipotia probu kwenye maziwa aliyoyaleta kwa chupa ya soda kutoka nyumbani, ikasoma sita na nukta saba, tukangoja, ikakaa hapo. Tukaipasha kwa balbu. Sita na nukta saba. Cherono aliandika namba hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari mara mbili, na akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mimi si mjinga kama ninavyojitahidi. Nilifurahi vibaya. Na mtu kama mimi akifurahi mdomo hufunguka. Mbele ya darasa zima nilisema kwamba siku ya maonyesho nitaichezea kidogo iseme maziwa ni maji ya ziwa, nione sura za majaji. Kwa wasiojua, maji ya Ziwa Nakuru ni magadi matupu, pH yake iko juu huko. Darasa likacheka. Hata Cherono alicheka, kidogo.

Siku mbili kabla ya maonyesho nyaya za betri zikalegea. Nikapeleka kifaa Bondeni baada ya masomo. Fundi aliniambia kiache, atachomelea na kuiosha bodi mara ya mwisho, nipitie kesho yake jioni. Nilipopitia alikuwa amekifunga kwenye gazeti na kamba, vizuri, kama zawadi. Alikuwa na haraka. Alinishika bega akasema, "Enda ushinde, Shoti." Nilibeba kile kifurushi kifuani mpaka nyumbani, nikaona hata si heshima kukifungua.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umejaa. Jaji mmoja, mama mnene mwenye kalamu ya rangi tatu, alifika kwetu, Cherono akaeleza bila kutetemeka: kioo, mgonjwa anayenong'ona, kwa nini si 741, kwa nini joto. Jaji akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha Cherono akatia probu kwenye maziwa ya mama yake. Sindano ikaruka mpaka kumi na nne, ikagonga mwisho, ikalala. Nikagusa waya. Nikabadilisha betri. Huko huko. Jaji aliinamia glasi akauliza, "Haya ni maziwa ama mmechota hapo ziwani?" Watu wa darasa letu waliokuwa nyuma wakapasuka kicheko, wakanipigia makofi, mmoja akasema Shoti amefanya. Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Cherono. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mlango aliusahau wazi wakati gani. Akaniambia, "Ulisema utafanya hivi." Nikasema si mimi. Akasema tena, taratibu, "Mbele ya watu wote, ulisema." Mwalimu Njoroge alipofika hakuniuliza swali lolote. Alifunika kifaa na koti lake.

Sikujua kwamba ukishakuwa mchekeshaji unapoteza kitu kimoja ambacho wengine hata hawajui wanacho: siku ukisema si mimi, hakuna mahali pa kuliweka hilo neno. Nililisema kwa mwalimu, akasema sawa. Nililisema kwa darasa, wakacheka. Cherono alihamia dawati la mbele.

Jumatatu nikaomba ufunguo wa maabara, nikasema nataka kuosha chupa kama adhabu, na hilo wakaliamini mara moja. Nikafikiri labda Mtakatifu amekufa, jamii hiyo huuawa hata na cheche ndogo ya umeme wa sweta la sufu. Nikamtilia volti moja na nusu ya betri, kitu chenye nguvu zake. Akaisema sawasawa. Kwa hivyo alikuwa hai. Nikachaji kapasita volti tano, nikaiweka, nikaondoa mkono. Moja, mbili, tatu. Kikombe kilikuwa kimeisha na sindano ilikuwa inashuka chini ya sifuri. Nikarudia. Nikarudia mara ya tano nikiwa nimesimama. Mgongo mtupu, miguu minane, mguu mmoja umepindwa hewani kwa ustadi kuliko nilivyoupinda mimi. Alikuwa mlevi wa kawaida kutoka mkebe wa kakao, na duniani kulikuwa na mkono mmoja tu uliokuwa na mkebe huo, na kifaa hicho, na siku nzima.

Sikumwendea mpaka Jumamosi, kwa sababu nilitaka nifike sahani ikipita. Sijui kwa nini. Nilifika akiichana chapati, akanisukumia nusu kubwa kama kawaida, na mimi sikuishika. Nikamwambia kapasita imeisha kabla sijasema tatu. Aliweka nusu yake chini. Alijifuta vidole kimoja kimoja.

"Nilijua utapima," akasema.

"Sasa?"

"Nilidhani utapima baadaye. Na ile ya pili niliipima kwa betri ikaenda vizuri. Nikasema labda kwa siku moja itawashikilia."

Ulikuwa uwongo na wote wawili tulijua, kwa sababu aliyenifundisha kwamba betri si kipimo ni yeye. Halafu akaniambia alipompeleka Mtakatifu. Mnunuzi wa maziwa wa Rongai alikuwa amemletea mita yake. Fundi aliifungua akakuta bafa yake ni ya wale wanaovumilia baridi tu. Karani alikuwa anaiseti alfajiri kukiwa baridi, inasoma vizuri. Jua likipiga yale mabati, chipu inaanza kunywa, na mita inapanda polepole. Wanaokaa karibu na banda walikuwa wanapimwa mapema na wanaenda nyumbani. Wanaotoka mbali, kama mama Cherono na punda wake, walikuwa wanapimwa jua likiwa juu, na wanaandikwa ubaoni. Hakukuwa na magadi yoyote. Kulikuwa na asubuhi na saa nne. Fundi aliagiza chipu Nairobi ikachelewa, mnunuzi akasema anapeleka mita kwingine, na kwenye mkebe wote, baada ya Jumamosi zangu tatu, tulijua kuna mmoja tu anayefaa.

"Mlitaka yule mama aache kutukanwa," akasema. "Ameacha. Jina limefutwa Jumatano. Yenu ilikuwa ya siku moja mezani. Ile inapima mitungi ya watu kila siku."

"Ungeniuliza, mzee."

"Ungekataa."

"Sijui kama ningekataa," nikamwambia. "Lakini ungeniuliza."

Fundi aliangalia ile chapati iliyobaki mezani kati yetu. Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba amemwambia mnunuzi chipu ni mpya kutoka Nairobi, na nisimwaibishe. Nilimkatiza hapo. Nilitoka na sikuaga, na nikasikia nyuma yangu mama wa chapati akiuliza kupitia tundu kama kijana ameshiba.

Nimefikiri mwaka mzima kuhusu ile hesabu yake. Inaingia. Hilo ndilo linaloudhi, hesabu inaingia kila upande. Mitungi ya akina mama wote dhidi ya meza moja yenye kitambaa cha kijani. Hata mimi ningeipigia kura. Lakini kwenye hesabu hiyo mimi sikuwa mtu, nilikuwa mkebe. Alinifundisha kutafuta kitu ambacho kinakaa karibu na cha wengine bila kuonja, akakaa karibu na changu Jumamosi tatu, akanipa nusu kubwa, halafu akaonja. Na angalau angeniacha na njia ya kujitetea. Alinifungia gazeti na kamba akaniambia nishinde. Alijua ninachokwenda kusimama nacho mbele ya watu, na alijua ni nani watakayemlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimsimulia ule utani wa ziwa, na aliucheka.

Nilijaribu kumwambia Cherono mara moja, nje ya bwalo la chakula. Alikuwa ameanza kutabasamu tena siku hizo, akisimulia wenzake jinsi maziwa ya mama yake hayarudishwi tena, jinsi mita ya Rongai imetengenezwa na fundi mmoja mzee wa Bondeni. Nikamwambia ile chipu iliyo Rongai ni yetu. Ni Mtakatifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Shoti, wacha. Kuna mtu alifanya kazi yake serious, na wewe unataka kumfanya kichekesho pia." Akachukua sahani yake akaenda. Sikumfuata. Ningemfuata na nini? Kama ningepiga kelele mpaka mita ikafunguliwa, mama yake ndiye angerudi saa nne juani na mtungi uliojaa. Na kusema kweli hilo si jibu lote. Jibu lingine ni kwamba nilikuwa bado nangoja fundi aje aseme mwenyewe. Nilipita Bondeni mara mbili nikamwona kwa mbali ameinama. Sikuingia. Sasa amekufa kwa presha, kibanda kimefungwa kwa kufuli jipya, na aliyekuwa shahidi wangu wa pekee amezikwa akisifiwa kwa mengi ya kweli na moja la uwongo, kwamba hakuwahi kuchukua kitu cha mtu.

Mama Cherono alisema kweli pale matangani kuhusu jina lake, na sitaki mtu amwondolee hilo. Mita ile nimeiona. Muhula uliopita nilipitia Rongai makusudi, nikasimama nyuma ya foleni kama mtu mwenye mtungi, saa nne na jua limeshika mabati. Karani akatia probu kwenye maziwa ya mama mmoja wa mwisho mwisho. Sita na nukta saba. Akasema haya mimina. Na ubao wa nje ulikuwa umeandikwa saa za kufungua tu. Nilisimama pale nikijua kuna mtu wangu ndani ya kile kisanduku, hali, hanywi, anasema anachosikia, na hakuna mtu hata mmoja kwenye foleni anayejua jina lake. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu watakatifu na maziwa. Niliumeza huo pia.

Yule mlevi aliyewekwa badala yake ninaye bado, kwenye kiberiti, mguu wake mmoja umepindwa hewani. Cherono, hii nimeiandika bila kuchezea kitu. Maabara inafunguliwa Jumanne baada ya masomo. Njoo na kapasita yako mwenyewe, uichaji wewe, uiweke wewe, na mimi nitakaa mikono mfukoni. Chapati usibebe. Hesabu tu kwa sauti, na ukifika tatu uniangalie.